Mwenzi wa kamba: jinsi jamii ya wapandaji miamba ilivyozaliwa Kenya

Ukiuliza upandaji wa miamba ulianza lini nchini Kenya, utapewa angalau majibu manne, na kila jibu litakuja na mwaka wake. Wapo watakaotaja 1899, mwaka ambao Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, kilifikiwa kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa. Wengine watasema 1929, kilele hicho kilipofikiwa tena, safari hii na watu waliokuwa wakiishi Kenya. Wenye mazoea ya kuhesabu umri wa mambo kwa tarehe za kusajiliwa watashikilia 1949, mwaka wa chama cha wapanda milima, na Wakenya wengi waliosoma historia shuleni watataja Desemba 1963, bendera ya taifa ilipopandishwa mlimani usiku wa uhuru. Miaka hiyo yote ni sahihi, ila kila mmoja unajibu swali lake, na mkanganyiko huanza pale majibu manne yanapochukuliwa kuwa yanagombania swali moja.

Kwa maoni yangu kipo kipimo kinachosaidia kuyapanga. Jamii ya wapandaji ipo mahali pale ambapo mtu anayetaka kupanda mwamba anaweza kumpata mwenzi wa kamba bila kumwagiza kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo kunaweza kuwa na misafara, kunaweza kuwa na mashujaa, lakini jamii bado. Ili kipimo hiki kieleweke, ni lazima kwanza tuutazame mlima wenyewe, kisha kamba.

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, na kingo za kreta yake zimekwisha kuliwa na mvua, upepo na barafu. Kilichobaki katikati ni zibo la mwamba mgumu lililoganda ndani ya koo la volkano, na zibo hilo ndilo linalosimama leo kama vilele viwili pacha: Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, vikitenganishwa na pengo jembamba la barafu linaloitwa Lango la Ukungu. Kando yake kipo Lenana, chenye mita 4,985. Mtu mwenye afya njema, nguo nzito na subira ya kuizoea hewa nyepesi anaweza kufika Lenana kwa miguu yake. Batian na Nelion havina njia ya miguu hata moja, kwa upande wowote, na atakayevitaka lazima apande ukuta wa mwamba kwa mikono, kwa urefu wa mamia ya mita. Kwa hiyo mtu anaposema amepanda Mlima Kenya, swali la kwanza la mpandaji huwa ni kilele kipi. Majina ya vilele vyote vitatu yanatokana na ukoo wa maoloiboni, yaani viongozi wa kiroho, wa Kimaasai: Mbatian, ndugu yake Nelieng, na mwanawe Olonana. Aliyewapa vilele majina hayo ni Mwingereza, na wenyeji wa mitelemko ya mlima, wanaouita Kirinyaga, hawakushirikishwa katika ubatizo huo.

Kamba nayo ina mambo yake. Watu wasiopanda hudhani kwamba kamba hutumika kujivutia juu. Kwa kweli mpandaji hupanda kwa vidole na kwa ncha za viatu, na kamba ipo kwa ajili ya kumkamata akianguka. Katika miaka tunayoizungumzia, wawili walijifunga ncha mbili za kamba moja. Wa kwanza alipanda, huku wa pili akiwa amekaa mahali imara, kamba imepitishwa kiunoni mwake, akiilegeza polepole. Kiongozi alipopata ukingo wa kusimama, alijifunga kwenye pembe ya mwamba, akaivuta kamba iliyolegea, kisha akamlinda mwenzake naye apande. Wa pili akiteleza, huning'inia tu. Wa kwanza akiteleza, huanguka mara mbili ya urefu wa kamba iliyo kati yake na kitu cha mwisho alichoipitishia kamba, na kamba za nyuzi za mimea zilizotumika kabla ya nailoni kuenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia zingeweza kukatika kwa mshtuko wa namna hiyo. Kanuni ya zama zile ikawa kwamba kiongozi haanguki. Anayepanda chini ya kanuni hiyo anamhitaji mwenzi ambaye uwezo wake anaujua, ambaye mikono yake imekwisha kujaribiwa, na ambaye hatapatwa na kiwewe giza likiwakuta mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa aina hiyo hapatikani kwa tangazo la gazeti.

Sasa turudi kwenye 1899. Halford Mackinder, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliutumia urahisi mpya wa reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kufika Nairobi, kisha akaelekea mlimani na msafara wa Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na viongozi wawili wa Kimaasai. Kati ya watu hao wote, waliofika Batian tarehe 13 Septemba walikuwa watatu: Mackinder mwenyewe, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, ambao kazi yao ilikuwa kuwaongoza watu milimani huko Courmayeur, katika Alps za Italia. Maana yake, ujuzi wote wa kamba uliotumika siku ile ulisafirishwa kwa meli kama mzigo mwingine wowote, na ulirudi ulikotoka kwa meli. Watatu hao walipokuwa wakikata vidato katika barafu iliyo chini ya Lango la Ukungu, waliikuta ngumu kupita kiasi, wakaipa jina la Almasi. Nchi ilibaki na jina hilo na mengine ya ramani, lakini haikubaki na mpandaji hata mmoja.

Ushahidi wa jambo hilo ni kimya kilichofuata. Batian hakikufikiwa tena kwa miaka 29 na miezi kadhaa, ingawa watu wa kukijaribu hawakukosekana. Katika miaka ya 1920 mmisionari John Arthur wa misheni ya Kiskoti huko Kikuyu aliurudia mlima mara kadhaa, na wakazi wengine wa koloni, wakiwemo Melhuish na Dutton, walizichunguza kuta zake na kurudi. Walikuwa watu wakakamavu na walizijua njia za msituni vizuri. Kilichowakwamisha ni kwamba ukuta wa Nelion unahitaji watu wawili wanaojua kupanda, na katika koloni lenye walowezi waliotawanyika mashambani, uwezekano wa wawili hao kuwa katika wilaya moja, wakiwa na likizo ya wiki moja, ulikuwa mdogo sana.

Uwezekano huo ulitimia mwishoni mwa 1928. Eric Shipton, kijana wa miaka 21 aliyekuja kujifunza kilimo cha kahawa, alikuwa amepanda Alps tangu ujana wake. Percy Wyn-Harris, ofisa wa utawala wa kikoloni, naye alikuwa mpandaji. Walipokutana, mambo yalikwenda haraka: tarehe 6 Januari 1929 walipanda ukuta wa kusini-mashariki, wakawa watu wa kwanza wanaojulikana kusimama juu ya Nelion, wakalivuka Lango la Ukungu na kufika Batian. Siku mbili baadaye walirudi tena juu pamoja na rafiki yao Gustav Sommerfelt. Njia yao ndiyo inayotumiwa na wengi hadi leo kufika Nelion.

Habari hiyo ilifanya jambo ambalo ushindi wa Mackinder haukuweza kulifanya: ilimletea Shipton barua. Aliyeiandika ni Bill Tilman, aliyekuwa Kenya tangu 1919 baada ya kupata shamba katika bahati nasibu ya ardhi iliyochezeshwa kwa ajili ya askari wa zamani. Tilman hakuwa mpandaji wa miamba, lakini alitaka kuwa. Mwaka 1930 walipanda pamoja Kibo na Mawenzi huko Kilimanjaro, na Agosti mwaka huo huo wakaupanda ukingo wa magharibi wa Batian, kazi ngumu na ndefu kuliko yoyote iliyokuwa imefanywa Afrika Mashariki hadi wakati ule. Hapa ndipo ninapoiona mbegu ya jamii. Kwa mara ya kwanza mtu alijifunza kupanda akiwa hapa hapa, kwa mkazi mwenzake, akaupata ustadi wa kutosha kuungana naye katika kazi kubwa. Lakini mbegu hiyo ilikuwa na watu wachache mno, na miaka michache baadaye ilikuwa imesambaa: Shipton na Wyn-Harris walikwenda Everest mwaka 1933, na Tilman aliiaga Afrika Mashariki kwa kuendesha baiskeli kutoka Uganda hadi pwani ya magharibi ya Afrika.

Wapandaji hao wa mwanzo waliacha pia maarifa ambayo mgeni hawezi kuyakisia, nayo ni ya majira. Mlima Kenya umesimama karibu kabisa na Ikweta, upande wa kusini kidogo. Kuanzia Desemba hadi Machi jua huwa upande wa kusini, hivyo ukuta wa kusini-mashariki hukauka na kupata joto, ilhali kuta za kaskazini hushika theluji na barafu. Kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Oktoba mambo hugeuka. Kwa maneno mengine, kila upande una kiangazi chake, na katikati huingia masika na vuli, ambapo busara ni kubaki nyumbani. Zitazame tena tarehe zilizotajwa na mantiki yake itaonekana: Shipton na Wyn-Harris walikwenda kusini-mashariki mwezi Januari, na Agosti ya mwaka uliofuata Shipton na Tilman wakahamia upande wa pili. Mackinder, ambaye hakuwa na mtu wa kumweleza, alipanda upande wa kusini mwezi Septemba, baada ya miezi kadhaa ya kivuli, na ndiyo maana barafu aliyoikuta ilikuwa ngumu kiasi cha kuitwa almasi.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa kukiweka kando kisa kimoja kinachopendwa sana, maana huchanganywa mara kwa mara na historia ya jamii hii. Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi ya wafungwa wa vita iliyokuwa Nanyuki, si kwa lengo la kukimbia nchi, bali kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia waya wa seng'enge. Viatu vyao vya miiba na mashoka ya barafu walikuwa wamevitengeneza kwa siri kwa vyuma vya kuokota, na mojawapo ya picha za mlima walizozitegemea ilikuwa ile iliyochapishwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Walijaribu Batian wakashindwa, Benuzzi na Balletto wakapandisha bendera yao juu ya Lenana, kisha wote wakarudi kambini na kujisalimisha. Ni kisa cha kusisimua kweli kweli, ila hakikuwa na uhusiano na wapandaji wa Nairobi, ambao kwa miaka ile walikuwa upande wa wale walioshika funguo.

Wapandaji hao wa Nairobi walikuwa na kinara wao, mpiga picha Arthur Firmin. Mwaka 1944, mwishoni mwa Julai kama majira yanavyotaka, yeye na Peter Hicks walifungua njia ya ukuta wa kaskazini wa Batian, ambayo imekuwa njia ya kawaida ya kilele hicho kwa nusu ile ya mwaka. Firmin alifariki mwaka 1955 katika safari ya Himalaya, huko Nepali. Kwa mtazamo wangu umuhimu wake unazidi njia alizofungua, kwa kuwa alikuwa mtu aliyebaki: mwaka hadi mwaka alikuwa Nairobi, akipanda na huyu na yule, na anayepanda na wengi huwaachia wengi ujuzi. Mwaka 1949 tawi la Kenya la chama cha wapanda milima cha Afrika Mashariki lilijitenga na kuwa Mountain Club of Kenya. Mwaka huo huo Mlima Kenya ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Chama kiliendesha mambo yanayoonekana madogo: vibanda vya kulala mlimani, kitabu cha njia, daftari la waliopanda, na safari za mwisho wa wiki. Hizo safari za mwisho wa wiki ndizo zilizobadilisha kila kitu. Mlima Kenya uko mbali na Nairobi na unadai siku kadhaa za kuzoea hewa, kwa hiyo mtu hawezi kujifunzia huko. Lukenya, kilima cha mwamba kilicho karibu na barabara ya Mombasa upande wa Machakos, kinafikika asubuhi na kurudiwa jioni. Mwamba wake ni wa kale sana, uliogeuzwa kwa joto na mgandamizo wa ardhini, mkwaruzo wake mkali kwa ngozi lakini mwaminifu kwa viatu, na kuta zake ni fupi kiasi kwamba mwalimu aliye juu anaweza kumwona na kumsikia mwanafunzi aliye chini. Hapo ndipo mgeni alipofundishwa kufunga fundo lisilofunguka, kuipitisha kamba kiunoni, kuita "panda" pale tu anapokuwa amejifunga barabara, na kunyamaza mwenzake anapotafuta pa kushika. Baada ya Jumapili kadhaa za namna hiyo wote walikuwa wanamjua: anaogopa nini, anaharakisha wapi, anaweza kuachiwa kamba au bado. Lukenya palikuwa kiwanda cha wenzi wa kamba.

Hell's Gate, karibu na Naivasha, palifundisha mengine. Kuta za pale ni lava iliyopoa ikapasuka kuwa nguzo zilizosimama wima, na kati ya nguzo na nguzo kuna ufa. Katika ufa mpandaji hashiki kitu; anaingiza mkono, anaukunja ngumi au kuutanua ndani ya mwamba mpaka ubane, kisha anauning'inizia mwili wote hapo. Vidole hutoka damu. Kuta hizo ni ndefu, zinapigwa na jua kali, na ni makao ya tumbusi wanaotaga kwenye vishubaka vya juu, kwa hiyo wapandaji walilazimika pia kujifunza mahali pa kupaacha wakati wa makinda. Aliyehitimu Lukenya na Hell's Gate alifika mlimani akiwa amebakiwa na maadui wawili tu, baridi na urefu.

Swali gumu ni nani aliyepata nafasi ya kuhitimu huko. Kamba na viatu viliagizwa kutoka Ulaya, na Jumapili za kupumzika mwambani zilikuwa za watu wenye mishahara na magari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha serikali ya kikoloni, na uhuru wake wa kwenda atakako ulikuwa kwenye karatasi hiyo. Ilipotangazwa hali ya hatari mwaka 1952, misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ikawa uwanja wa vita vya Mau Mau, eneo lililopigwa marufuku ambamo mkulima wa jirani angeweza kupigwa risasi kwa kuonekana tu. Wakati huo wote hakuna msafara uliofika chini ya kuta bila wapagazi. Wao ndio waliojua maji yako wapi, wingu la namna gani ni la mvua, na mtu anayeugua kwa hewa nyepesi ya juu anatambulikaje, na baadhi yao waliishi mita 4,000 juu kwa siku nyingi zaidi kuliko mwanachama yeyote wa chama. Pale mwamba ulipoanza, kamba zilifunguliwa na wao wakabaki chini. Kwa hiyo jamii ya mwaka 1949 ilikuwa jamii kamili kwa kipimo nilichokitaja, lakini ilikuwa na mpaka, na mpaka wake ulipita pale pale kamba ilipoanzia.

Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya juu ya Lenana, Desemba 1963, mpaka huo ulitikiswa kwa namna ambayo kila mwananchi aliielewa. Wapo wanaopunguza uzito wa tukio hilo kwa sababu Lenana si kilele cha kamba. Nadhani wanakosea lengo: bendera ilihitaji kufika juu salama, usiku ule, katika baridi ile, na mtu aliyeipeleka aliujua mlima. Pamoja na hayo, kwa suala letu la kamba 1963 haikuleta mageuzi ya papo hapo, maana uanachama wa klabu na bei ya vifaa havikubadilika kwa kubadilika kwa bendera.

Kilicholeta mageuzi zaidi, nionavyo mimi, ni mwaka 1970. Mapema mwaka huo Ian Howell alikamilisha jambo ambalo bado ni vigumu kuliamini: alijenga kibanda kidogo cha bati juu kabisa ya Nelion, na ili kuvifikisha vipande vyake huko alipanda ukuta huo peke yake mara 13. Kibanda kile kimewahifadhi wengi waliokutwa na usiku. Halafu, mwezi Septemba, daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian baada ya jiwe kung'oka, akavunjika mguu vibaya. Mwenzake, Oswald Oelz, alishuka kutafuta msaada. Wanachama wa klabu ya Nairobi walipanda, wakamfikia na kuanza kazi ya polepole mno ya kumshusha; helikopta iliyoitwa kusaidia ilianguka na rubani wake akafa; mwishowe kikosi cha waokoaji kilisafiri kutoka Innsbruck, Austria, na kumteremsha, zaidi ya wiki moja baada ya ajali. Judmaier alipona.

Tukio hilo lilionyesha kwamba klabu ya watu wenye kazi zao za kila siku haiwezi kuwa kikosi cha uokoaji cha mlima wenye wageni wanaoongezeka. Watu wa kudumu mlimani walikuwa askari wa hifadhi, na njia pekee ya kuwa na uokoaji wa haraka ilikuwa kuwafundisha wao kamba. Haja ikafanya kazi ambayo nia njema haikuwa imeifanya.

Oktoba 1973 mhifadhi wa mlima, Phil Snyder, na Mkenya Thumbi Mathenge walipanda mfereji wa barafu unaoshuka kutoka Lango la Ukungu, chini ya ile barafu ya Almasi iliyomtesa Mackinder. Ulikuwa mpando wa kwanza wa njia hiyo, iliyokuja kuhesabiwa miongoni mwa njia mashuhuri za barafu duniani. Walichagua mwisho wa majira ya kivuli, barafu ikiwa imekomaa, uchaguzi unaofanywa na watu wanaoutazama mlima mwaka mzima. Januari 1975 Yvon Chouinard na Michael Covington walikuja kutoka Marekani wakaupanda mfereji huo huo, na walipofika juu wakaongeza njia ya moja kwa moja kupitia ukuta wa mwisho. Sehemu ya chini waliyoipanda ilikuwa tayari imefunguliwa na wenzi wawili wa kamba waliokutana Kenya, mmoja wao akiwa Mathenge.